Ukenda kashta, usilale ndani ya wadi



Ukifika mwezi wa kumi na moja, hapa mtaani kwetu Al-Baghdadiyah utaona magari yanapakiwa mbele ya kila jengo: mahema, mikeka, mkaa, mabirika, madumu ya maji. Joto limevunjika na watu wanataka kutoka. Wenyeji wanaita kashta, na sisi tumelichukua neno kama lilivyo. Mimi Jeddah nimekaa miaka kumi na tisa na kashta nimekwenda nyingi. Hii ninayoieleza ndiyo iliyonionesha kuwa nilikuwa sijui kitu.

Tulikuwa magari mawili, watu kumi na mmoja, sita katika hao watoto. Wageni wetu walitoka Maskati: shemegi yangu, mume wa dada yangu, na mamake ambaye sote tunamwita Bibi. Bibi kazaliwa Wete, akahamia Oman angali msichana, akaolewa huko Sharqiyah na kuzeekea huko. Tulitoka mjini baada ya Adhuhuri tukaelekea mashariki, kwenye mabonde yanayoteremka kutoka milima ya Hijazi. Pahala nilipachagua mwenyewe: tambarare, mchanga laini kama wa pwani, migunga miwili ya kivuli. Mbinguni hakuna wingu.

Bibi akakataa kushuka garini.

"Baba, hapa ndipo unapotaka kutulaza?"

"Hapa, Bibi. Mchanga wake laini."

"Mchanga huo kauleta nani? Na ule mfuko wa plastiki ulioko juu ya mti, kaupandisha nani?"

Nikaangalia. Kwenye matawi ya mgunga, juu kunishinda kimo, palikuwa na nyasi kavu zilizojisokota, vipande vya kamba na mfuko. Yale yalikuwa maandishi ya maji, na mimi nilikuwa nimesimama chini yake nikipigilia mambo za hema. Nakiri niliona uzito kung'oa hema lililokwisha simama mbele ya watoto wenye njaa. Lakini Bibi ni Bibi. Tukahamia kwenye kilima cha changarawe, pahala pabaya pa mgongo, na magari tukayapandisha pia.

Magharibi tukaona mwanga unamweka mbali mashariki, bila ya sauti. Mngurumo wa radi kwa kawaida hausikiki ikiwa radi iko mbali zaidi ya kilomita kumi na tano au zaidi kidogo, kwa hivyo watoto wakaona kama fataki. Kwetu nyota zilikuwa zinaonekana. Baada ya Ishaa, yapata saa nne, tukasikia sauti kama malori yanamwaga kokoto. Shemegi akawasha taa za gari. Pale tulipokuwa tumesimamisha hema mwanzo palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda mbio na magogo ndani yake. Kwetu halijaanguka hata tone moja.

Hapo ndipo tunapokosea sisi tuliolelewa na masika na vuli. Unguja na Pemba mvua inayokudhuru ni ile inayokunyeshea wewe, na sehemu kubwa inanywewa na udongo. Huku mvua inayokuua inaweza kuwa imenyesha kwa mwenzio, saa kadhaa nyuma, juu ya mlima usiouona. Milima ile ni mawe matupu. Maji hayana pa kuzama, yanateremka yote kwa pamoja, kila kijibonde kinamwaga kwenye bonde kubwa zaidi, na yakifika chini yamekwisha kuwa ukuta. Na mara nyingi hayaji mara moja. Bonde moja likimaliza, jengine linafika, ndiyo maana anayeona maji yamepungua akakimbilia kuvuka hukutwa katikati na wimbi la pili.

Sababu ya msimu huu kuwa wa hatari ni Bahari ya Shamu yenyewe. Vuli inapoingia bahari bado ina joto, na mkanda wa hewa nyepesi hunyooka kutoka upande wa Sudan kwenda kaskazini, ukavuta unyevunyevu. Ukikutana na hewa baridi inayoshuka kutoka Bahari ya Kati, mawingu hupanda kwa saa chache tu. Jeddah iko katikati, milima nyuma na bahari mbele, na mabonde yanapita humo humo mjini. Tarehe 25 Novemba 2009, siku mahujaji wanakwenda Mina, mvua ya kiasi cha milimita 90 ilinyesha kwa saa nne na watu zaidi ya 100 wakafa, wengi wao katika mitaa ya mashariki na kusini kama Quwaizah iliyojengwa kwenye njia ya maji. Januari 2011 mafuriko yakarudi. Tarehe 24 Novemba 2022 zilishuka milimita 179 kwa saa sita, zaidi ya 2009, lakini waliokufa walikuwa wachache mno, kwani yalikuwa yamejengwa mabwawa na mifereji, na skuli zilifungwa. Huko jangwani hakuna mfereji aliokujengea mtu.

Wasomaji wetu wa Oman hawahitaji kuambiwa. Tarehe 14 Aprili 2024, Samad al-Shan katika wilaya ya Al-Mudhaibi, watoto wa skuli walichukuliwa na wadi wakiwa garini. Siku mbili baadaye Khatm al-Shakla, karibu na Al Ain, ilipata milimita 254 chini ya saa 24.

Nirudi kilimani. Saa tano upepo ukageuka ghafla, baridi, unanukia vumbi lililorowa. Harufu hiyo ikikufikia una dakika chache tu: ni hewa inayoanguka kutoka ndani ya wingu na kutangulia mvua. Shemegi alitaka kulishikilia hema. Tukamwambia aliangushe. Tukatoa miti, tukalilaza chini, tukaweka madumu ya maji juu yake, na watu wote wakaingia garini. Hema lililolala halipasuki, na garini ndimo pahala pa kukaa wakati wa radi. Hema si kinga, na mti uliosimama peke yake ni mbaya kuliko uwanja mtupu. Tulihesabu na watoto: tangu mmweko mpaka mngurumo, kila sekunde tatu ni kilomita moja. Ikiwa hufiki thelathini, uwe umekwisha kuingia garini, na usitoke mpaka ipite nusu saa tangu mngurumo wa mwisho.

Mvua ilipokwisha sote tulikuwa tunatetemeka, na hapa nilikaribia kufanya kosa la pili. Nikasema tusimamishe hema, tuingize jiko la mkaa ndani watoto wapate joto. Dada yangu akanikatalia kwa sauti ambayo sijamsikia nayo tangu utotoni. Mkaa katika hema lililofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Kichwa kinauma kidogo, usingizi unakuja mtamu, na asubuhi hamwamki. Kila msimu wa baridi Ghuba inazika watu kwa jambo hili, na mvua ndiyo inayowafanya watu waingize jiko ndani. Dawa ya baridi ni nguo kavu. Yeye alikuwa amefunga za kila mtoto katika mfuko wa plastiki, mimi nikamcheka wakati wa kupakia.

Ukikutwa na vumbi njiani, toka kabisa nje ya lami, zima taa zote na toa mguu kwenye breki. Anayekuja nyuma hufuata taa akidhani unakwenda. Kuhusu maji: kina cha sentimita 30 kinaweza kuelea na gari ndogo, na 60 kinachukua hata hizi kubwa za jangwani tunazojivunia. Saudia kuingia wadi inapopita ni faini ya riali 5,000 mpaka 10,000. Imarati ni dirham 2,000, pointi 23 na gari kuzuiwa siku 60. Hapa Jeddah nambari ni 911, Oman 9999. Kabla ya kutoka, soma tahadhari ya Kituo cha Taifa cha Hali ya Hewa, na usisome ya pale unapolala tu, soma na ya milimani: kwetu sisi ni Taif. Mwachie mtu wa mjini jina la bonde na saa ya kurudi, kwani mtandao huko haupo.

Asubuhi wadi ilikuwa bado inapita, goti kwa macho. Ikaja pikapu, kijana akashusha kioo akatuuliza kama tunavuka. Bibi akamwitia chai. Ilikuwa chai ya mwisho katika chupa, na kijana akakaa nayo mkekani mpaka saa sita, maji yalipobakia mkufu tu kwenye mawe.