Majani Mabichi katika Mapishi ya Kihindi



Mwaka jana mtu mmoja alifika ofisini kwetu na gunia zima la majani yenye harufu nzuri. Alikuwa amesikia kwamba Wahindi wanaupenda sana mmea uitwao tulsi, ambao ni jamaa ya rihani na kivumbasi. Basi akapanda matuta sita, akavuna, akapeleka mjini. Kila bibi wa Kihindi aliyemwonyesha aliyanusa, akatabasamu, akapita kununua dania kwa mwingine.

Hakuwa ameuliza jani hilo hutumiwaje. Kwa Wahindu tulsi ni mmea mtakatifu wa mungu wao Vishnu. Kule India hupandwa uani, na jioni huwashiwa taa. Jani lake huwekwa juu ya chakula cha sadaka, tena hutiwa katika chai pamoja na tangawizi mtu akishikwa na mafua. Lakini katika mchuzi wa kila siku hutalikuta. Watu wa Thailand ndio hulikaanga na nyama, kitunguu saumu na pilipili. Nyumba ya Kihindu yatoshwa na mche mmoja, kwa hiyo ukitaka kuuza tulsi, afadhali uuze miche katika makopo.

Jani linaloliwa kila siku ni dania. Mpishi huikata pamoja na vijiti vyake laini, akainyunyiza juu ya mchuzi au dengu baada ya kuipua sufuria. Ukiichemsha, harufu yote huondoka na mvuke. Ndiyo sababu mnunuzi hutaka dania mbichi kabisa. Vuna asubuhi mapema, funga mafungu, funika kwa gunia lenye maji. Kabla ya kupanda, ziponde mbegu polepole zigawanyike mara mbili, kisha uzipande pale pale zitakapokulia, maana dania haipendi kuhamishwa. Baada ya majuma sita hivi utavuna. Panda mstari mfupi kila majuma mawili, usipande shamba zima siku moja.

Majani ya kari patta hutumiwa kinyume cha hayo. Mafuta hupashwa moto, mbegu za haradali hutiwa, na zikianza kurukaruka majani hufuata. Simama mbali kidogo, kwani mafuta huruka! Kisha mafuta hayo humiminwa juu ya dengu. Jani likikaushwa hupoteza sehemu kubwa ya harufu, basi liuze bichi likiwa kwenye kitawi chake. Huu ni mti, nao hauwezi jalidi. Wenzetu wa nyanda za juu wasijisumbue.

Majani ya uwatu, ambayo Wahindi huyaita methi, ni machungu kidogo. Hupikwa na viazi, na Wagujarati huyakanda pamoja na unga wa chapati. Wengine huyatia chumvi kwanza na kuyakamua ili uchungu upungue.

Nanaa husagwa na dania, pilipili mbichi, ndimu na chumvi, ikawa chatne. Ipande ndani ya debe bovu, la sivyo itatambaa bustani nzima.

Yule bwana aling'oa matuta matano, akapanda dania na uwatu. Tuta la sita aliliacha, na sasa mkewe hutia tulsi katika chai ya jioni.