‘Hilo ni Swali Zuri’: Umbo, Kazi na Athari za Tafsiri Mkopo katika Mazungumzo ya Hadhara Pembezoni mwa Dar es Salaam

Ikisiri

Makala hii inafafanua matumizi ya usemi ‘hilo ni swali zuri’ kama utangulizi wa jibu, hususani pale swali linapokuwa gumu kujibika. Usemi huo umeenea katika mikutano ya mitaa, madarasa, warsha na mahojiano katika maeneo ya Kinondoni na Temeke, na unafanana kikazi na usemi wa Kiingereza ‘good question’. Hoja kuu ni kwamba kilichokopwa si maneno, ambayo yote yamo katika Kiswahili, bali ni nafasi ya usemi katika mazungumzo na kazi unayoifanya hapo. Aidha, makala inaonesha jinsi ukuruba wa maneno ‘swali’ na ‘suala’, pamoja na upatanisho wao wa kisarufi unaolingana, unavyowezesha swali kuhama na kuwa jambo la kushughulikiwa badala ya kujibiwa. Mifano ya mazungumzo imetungwa kwa ajili ya ufafanuzi.

1.0 Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku, swali humwekea aliyeulizwa deni. Schegloff na Sacks (1973) wanaeleza kuwa baadhi ya semi huja kwa jozi: salamu hudai itikio, mwaliko hudai kukubaliwa au kukataliwa, na swali hudai jibu. Sehemu ya pili ya jozi isipotokea, kukosekana kwake huonekana na hutafsiriwa. Kimya baada ya salamu si kimya tu. Ni nuna, ni dharau au ni uziwi. Vivyo hivyo, kimya baada ya swali ni kutojua, kuficha au kupuuza.

Ni katika pengo hilo, baina ya swali na jibu lisilo tayari, ndipo usemi ‘hilo ni swali zuri’ hujitokeza. Msemaji hupata nafasi ya kuvuta pumzi bila kunyamaza. Jambo linalostahili kuchunguzwa ni hatima ya deni lenyewe: je, usemi huo huahirisha malipo, au huyafuta?

2.0 Asili na Umbo la Usemi

Si rahisi kudai kuwa maneno ‘swali zuri’ yametoka Uingereza. ‘Swali’ ni neno lililoingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu zamani, na kivumishi ‘-zuri’ ni cha Kibantu. Hakuna kanuni ya sarufi inayovunjwa vinapowekwa pamoja. Katika hili, usemi huu unatofautiana kidogo na tafsiri mkopo kama ‘mwisho wa siku’ katika maana ya ‘hatimaye’, ambayo humgutusha msikilizaji kwa kuwa siku inayotajwa haipo.

Ukopaji unaonekana katika kazi. Kiswahili kina njia zake za kupima maswali, na kipimo cha ugumu wa kujibika ni ‘-gumu’ au ‘-zito’: ‘swali gumu’, ‘swali zito’, ‘huu ni mtihani’. Vipimo hivi humhusu anayejibu, kwa kuwa mzigo unaotajwa umo mabegani mwake. Anayesema ‘swali gumu’ amekiri jambo kuhusu uwezo wake. Anayesema ‘swali zuri’ amesema jambo kuhusu aliyeuliza, na papo hapo ametoka katika kiti cha anayehojiwa na kukaa katika kiti cha anayesahihisha mtihani.

Uteuzi wa ‘-zuri’ badala ya ‘-ema’ nao una maana. Kiingereza kinatumia kivumishi kimoja pale ambapo Kiswahili kinaweza kutenganisha uzuri wa umbo au ubora na wema wa nia au heri. Husemwa ‘siku njema’ na ‘mtu mwema’. ‘Swali jema’ lingegusa nia ya muulizaji. ‘Swali zuri’ hugusa namna swali lilivyoundwa. Hivyo, msemaji anaweza kulisifu swali bila kukubali kuwa madai yaliyomo ni ya haki.

Njia za usemi huu kufika mtaani ni kadhaa. Katika shule nyingi za sekondari nchini Tanzania Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia, hivyo kijana aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hukutana darasani na mwalimu anayetumia semi za Kiingereza za kupongeza maswali. Warsha na semina zimeeneza mtindo huo huo kwa watu wazima. Bungeni, ambako maswali ya msingi hufuatwa na ya nyongeza, kumpongeza mbunge kwa swali lake zuri ni jambo la kawaida, na matangazo ya redio na televisheni huufikisha mtindo huo majumbani. Dalili ya kuota mizizi ni mabadiliko ya mpangilio: pamoja na ‘hilo ni swali zuri’, husikika ‘swali zuri hilo’ na ‘umeuliza swali zuri sana’, ambayo yanafuata mapigo ya Kiswahili chenyewe.

3.0 Sifa Inayotangulia Jibu

Itakuwa makosa kuuhukumu usemi huu kuwa ni hila kila unapotumika. Mfano wa kwanza unahusu darasa la sekondari huko Temeke:

Mwanafunzi: Mwalimu, kwa nini tunasema ‘kiboko amelala’ na si ‘kiboko kimelala’?

Mwalimu: Swali zuri. Kiboko huyu ni mnyama, na majina ya watu na wanyama huchukua upatanisho wa a-/wa- hata yakiwa na ki- mwanzoni. Kiboko cha kuchapia ndicho kinachosemwa ‘kimekatika’.

Hapa sifa ina kazi ya kielimu. Methali ya ‘kuuliza si ujinga’ hufahamika kwa wengi, lakini mwanafunzi anayeinua mkono mbele ya wenzake bado hujihatarisha. Brown na Levinson (1987), wakiendeleza dhana ya Goffman, wanaeleza kuwa kila mzungumzaji ana ‘uso’ anaotaka ulindwe. Dhana hiyo si ngeni kwa Waswahili, wasemao kuwa uso umeumbwa na haya. Mwalimu ameulinda uso wa mwanafunzi, kisha akajibu. Kiboko aliyeulizwa ndiye aliyejibiwa.

4.0 Sifa Inayochukua Nafasi ya Jibu

Mfano wa pili unahusu mkutano wa wakazi wa mtaa mmoja wa Mbagala:

Mkazi: Mwenyekiti, ule mchango wa mtaro tulioutoa mwaka jana umefikia wapi?

Mwenyekiti: Ahsante sana, mama yangu. Hilo ni swali zuri sana. Suala la mitaro ni suala mtambuka, na sisi viongozi wenu tumelipokea na tunaendelea kulifanyia kazi.

Mkazi ameshukuriwa, ameitwa mama na amesifiwa. Hata hivyo, hajui mchango ulipo. Mchakato uliolifikisha swali hapo unaweza kufuatiliwa kisarufi.

Hatua ya kwanza ni kuhama kutoka ‘swali’ kwenda ‘suala’. Maneno haya mawili yana asili moja katika Kiarabu, lakini Kiswahili sanifu kimeyagawia kazi: ‘swali’ huulizwa na hudai jibu, ‘suala’ ni jambo au mada, nalo hujadiliwa, hushughulikiwa au huundiwa kamati. Kitenzi ‘kujibu’ hukaa vyema na swali, ilhali ‘kulifanyia kazi’ hukaa vyema na suala. Kwa kubadili neno moja, deni la jibu limegeuka kuwa ahadi ya shughuli isiyo na tarehe.

Hatua ya pili ni ya upatanisho. ‘Swali’ na ‘suala’ yote yamo katika ngeli ya li-/ya-. Kwa sababu hiyo, kiambishi cha yambwa ‘-li-’ katika ‘tumelipokea’ na ‘kulifanyia’ kinaweza kurejelea lolote kati ya hayo mawili. Msikilizaji hapewi ishara ya kisarufi kwamba kilichopokelewa si kile alichokiuliza.

Hatua ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi. Kiini cha swali la mkazi ni ‘mchango’, nomino ya ngeli ya u-/i-. Jibu lolote linaloutaja mchango huo kama kiima au yambwa lingebeba ‘u-’ au ‘-u-’: ulitumika, umehifadhiwa, tuliupeleka, haukutosha. Katika maneno yote ya mwenyekiti hakuna kitenzi hata kimoja chenye upatanisho huo. Tofauti na ilivyo kwa kiboko wa mfano wa kwanza, mchango umetoweka katika sarufi kabla haujajulikana kama umetoweka kwingineko. Kipimo hiki si cha kimashine, kwani jibu la kweli linaweza kutumia nomino nyingine, kwa mfano ‘fedha ziko benki’. Hata hivyo, humsaidia mchambuzi kutambua mahali pa kuanzia.

Kwa mtazamo wa Grice (1975), mwenyekiti ameikiuka kanuni ya kiasi, kwa kuwa ametoa taarifa pungufu kuliko inavyohitajika. Sifa huufanya ukiukaji huo usionekane kwa urahisi. Mkazi akirudia swali, ndiye atakayeonekana amekosa adabu, maana amekwisha kupongezwa na kuitwa mama mbele ya watu. Ulinzi wa uso, uliomsaidia mwanafunzi, sasa unamfunga mkazi.

5.0 Njia Nyingine za Kutojibu

Kiswahili hakikuwa na upungufu wa namna za kukabili swali lisilo na jibu, na ulinganisho nazo unaonesha upekee wa usemi huu. Katika kitendawili, waliotegwa wakishindwa, mtegaji hudai mji. Hupewa mji, kisha hufumbua. Kushindwa kunatamkwa wazi, kuna gharama, na jibu hupatikana. Katika mkutano wa mtaa, muulizaji naye hupewa kitu, yaani sifa. Lakini yeye hana jibu la kufumbua, na aliye nalo halitoi. Mji umetolewa na kitendawili kimebaki.

Mfano mwingine ni kauli ya masheikh katika darasa za dini, ‘Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi zaidi’. Kauli hii kwa kawaida huja baada ya maelezo, nayo hupunguza hadhi ya msemaji, si kuipandisha. Kijiweni, abiria wa Chamazi akiuliza atafikaje Kariakoo nauli ikipanda, huenda akaitikiwa ‘hilo nalo neno’. Itikio hili halijibu wala halidai kujibu. Linakiri uzito wa jambo na kumweka msikilizaji upande mmoja na muulizaji. Hakuna anayemsahihisha mwenziwe.

6.0 Hitimisho

Usemi ‘hilo ni swali zuri’ umekwisha kupata uenyeji, na kuupiga vita kwa sababu ya mfanano wake na wa Kiingereza hakuna tija. Tofauti inayofaa kuzingatiwa ni kati ya sifa inayolitangulia jibu na sifa inayolirithi nafasi yake. Tofauti hiyo hubainika kwa kutazama kinachofuata: kama ‘swali’ limebaki swali au limekuwa ‘suala’, na kama nomino iliyoulizwa imerejea pamoja na upatanisho wake.

Kwa walimu wa Kiswahili, uchambuzi huu unatoa fursa ya kufundisha ngeli kama nyenzo ya usikilizaji makini, mbali na kuwa orodha ya kukariri. Kwa mkazi wa Mbagala, unampa njia ya kurudia swali bila kuvunja heshima: ‘Ahsante, Mwenyekiti. Na ule mchango, ulitumikaje?’ Kiambishi ‘u-’ kikirudishwa mbele ya mkutano, deni hurudi pamoja nacho. Naye mwenyekiti asiye na jibu bado ana kauli iliyo nyoofu zaidi: ‘Sijui, mama yangu, nitauliza, na nitawaletea jibu mkutano ujao.’