Ndimu Haiyeyushi Nta ya Kifua Kikuu

Kila mtaalamu anayeeleza kwamba bakteria wa kifua kikuu hujifunika kwa mafuta yaliyo kama nta huulizwa lile lile: kama ni mafuta, mgonjwa si anywe tu maji ya moto yenye ndimu na kitunguu saumu yayakate? Swali hilo limechosha. Baya zaidi, linaua, kwa kuwa anayelifuata hukohoa miezi nyumbani akiwaambukiza wanawe.

Jibu liko maabara. Makohozi hupakwa kwenye kioo, humwagiwa rangi nyekundu ya fuksini, hupashwa moto hadi yafuke mvuke, kisha huoshwa kwa asidi ya haidrokloriki ya asilimia 3 iliyochanganywa na alkoholi. Bakteria wengine karibu wote huiachia rangi. Wa kifua kikuu hubaki wekundu, na hivyo ndivyo wanavyotambuliwa tangu karne ya 19. Kabla ya kuoteshwa, makohozi hutiwa sodiamu haidroksaidi, kemikali inayounguza ngozi, ili vijidudu vingine vife. Wa kifua kikuu, wengi wao huvuka salama. Ndimu itafanya nini hapo? Isitoshe, ikinywewa huishia tumboni, penye asidi kali kuliko yake, mapafuni haifiki.

Hata nta hiyo ingekwanguliwa, ingejengwa upya. Asidi za mikoliki zinazoijenga, minyororo mirefu ya kaboni 60 hadi 90, hutengenezwa ndani ya seli na kushikizwa kwenye sukari iitwayo trehalosi. Protini MmpL3 huzivusha utando wa ndani, kisha vimeng'enya vya kundi la Ag85 huzipokea na kuzifunga ukutani. Mafuta huingia pia kupitia mifumo ya protini: Mce1 huleta asidi za mafuta, na Mce4 huleta kolesteroli ya mgonjwa mwenyewe, ikawa chakula cha bakteria. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba bakteria asiye na Mce4 hushindwa kudumu katika mapafu ya panya.

Kinachofaa kupigwa, basi, ni utengenezaji na usafirishaji wenyewe. Isoniazidi, inayotumika tangu 1952, huzuia asidi za mikoliki zisitengenezwe. Imo ndani ya vidonge vya kila siku vya kliniki.

Kikohozi cha wiki 2, jasho la usiku, kukonda: makohozi yapelekwe kituo cha afya. Anayeishi na VVU asisubiri wiki hizo. Kipimo cha GeneXpert huchukua kama saa 2 na huonyesha pia usugu kwa dawa ya rifampisini. Matibabu ya kawaida ni dawa nne kwa miezi 2, kisha mbili kwa miezi 4, bila malipo katika vituo vya umma Tanzania na Kenya. Nafuu ya mwezi wa kwanza si ruhusa ya kuacha. Wa nyumba moja na mgonjwa wapimwe, na wasiougua waulizie dawa za kinga. Mkojo ukiwa wa rangi ya chungwa, ni kwa sababu ya rifampisini, mojawapo ya dawa hizo; dawa ziendelee.