Jiko la Kioo na Sufuria Linazozigomea

Msomaji wa Morogoro ameniuliza swali lenye matawi matatu. Ana mtungi wa gesi wa kilo 15. Dukani ameonyeshwa majiko mawili ya umeme, moja la koili na jingine la kioo cheusi, na muuzaji akamhakikishia kuwa la kioo "linakula umeme kidogo". Abaki na gesi, achukue koili au achukue kioo? Halafu akaongeza, kama mtu anayeuliza akiwa ameshafika mlangoni: mbona aliposogeza sufuria zake kwenye jiko la kioo la jirani, lilipiga mlio likazigomea zote?

Hilo la mlangoni ndilo tamu. Lakini tangu Mei 2024, serikali ilipozindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, kila anayeuliza kuhusu jiko anaanzia kwenye bei, kwa hiyo na mimi nianzie huko nimalize upesi.

Kilo moja ya gesi ya mtungi imebeba nishati inayokaribia uniti 13 za umeme. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya moto wa gesi hupanda ubavuni mwa sufuria ikaenda kupasha dari. Kinachoingia kwenye chakula ni kama asilimia 40. Jiko la koili hufikisha kama asilimia 70, na la induksheni, yaani lile la kioo linalogoma, kama 85. Ukizidisha na kugawa, kazi ya kilo moja ya gesi hufanywa na uniti 6 za induksheni, au uniti 7 na kidogo za koili. Mtungi mdogo wa kilo 6 kwa hiyo ni sawa na uniti 36 hivi. Mteja wa kawaida wa TANESCO akinunua uniti moja kwa kama shilingi 350, kodi ndani, atatumia shilingi 12,600. Bei ya mtungi mtaani kwako unaijua mwenyewe, ilinganishe. Wale wateja wadogo wanaolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi wasishangilie mapema: bei hiyo ni ya wasiovuka uniti 75 kwa mwezi, na ukianza kupikia umeme, maharage ya wiki mbili tatu yatakuvusha.

Angalia pia pengo kati ya koili na induksheni: uniti moja na kidogo katika kila saba. Muuzaji hakusema uongo, ila aliutia chumvi ukweli. Anayenunua jiko la kioo kwa ajili ya bili peke yake atangoja muda mrefu kabla hajaiona faida.

Koili yenyewe sina mengi ya kuisemea. Waya unapitishiwa umeme, unapata moto, unaipasha sufuria. Pasi inafanya vivyo hivyo. Twende kwenye kioo.

Chini ya kile kioo hakuna moto wala kitu kilichokusudiwa kupata moto. Kuna msokoto bapa wa waya wa shaba, mviringo ndani ya mviringo, wenye tundu katikati. Umeme wa ukutani huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Jiko huunyoosha kwanza, kisha transista zake huukatakata upya hadi uwe unakwenda na kurudi zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde; mengi hukaa kwenye 24,000 hivi. Kiwango hicho kimezingatia masikio yetu. Chini ya 20,000 tungelisikia jiko likilia wembamba kuanzia chai hadi chakula cha jioni. Popo na mbwa wa nyumbani wanaweza kusikia sauti za juu kuliko hapo, na hakuna aliyewauliza.

Umeme unaokwenda na kurudi ndani ya msokoto huzaa uga wa sumaku unaokwenda na kurudi pamoja nao. Michael Faraday, jijini London mwaka 1831, alifunga nyaya mbili kwenye pete moja ya chuma zisigusane. Akaona kwamba umeme ukitulia katika waya wa kwanza, waya wa pili haupati kitu. Ukiwashwa au ukizimwa, waya wa pili unashtuka. Sumaku iliyotulia haizai umeme. Sumaku inayobadilika ndiyo inayouzaa. Transfoma iliyo kwenye nguzo ya mtaani kwenu inaishi kwa kanuni hiyohiyo: waya mmoja unapokea, wa pili unatoa, na baina yao hakuna kinachopita isipokuwa uga. Kwenye jiko la kioo, waya wa kwanza ni ule msokoto wa shaba. Wa pili ni kitako cha sufuria yako. Sufuria ni waya wa mzunguko mmoja, mpana, uliojifunga wenyewe, na umeme unaozaliwa humo hauna pa kwenda ila kuzunguka palepale mpaka uchoke ugeuke joto.

Mfaransa Léon Foucault alionyesha joto hilo mwaka 1855, kwa kuzungusha diski ya shaba kati ya ncha za sumaku. Mikondo hii ya kuzunguka inahitaji jina letu. Nimependekezewa "mikondo duara" nikakataa, kwa sababu duara unaweza kulichora kwa chaki na lisipitishe chochote. Pete ni ya madini, na imefungwa pande zote. Nitaiita mikondo-pete, na wataalamu wa istilahi wakinikasirikia tutakutana.

Sasa fumbo la Morogoro. Alumini hupitisha umeme vizuri kuliko chuma, tena kwa mbali. Kama kinachotakiwa ni umeme kuzunguka ndani ya sufuria, basi sufuria ya alumini, hizi nyepesi zisizo na mikono ambazo kila nyumba inazo saba zikiwa zimepangwa moja ndani ya nyingine, ingepaswa kuchemka kuliko zote. Mbona ndiyo inayogomewa?

Fikiria abiria waliojaa kivukoni Magogoni wakisubiri feri ya kwenda Kigamboni. Kipaza sauti kinatangaza: feri inaingia kushoto! Wote wanakimbilia kushoto. Kabla hawajafika: hapana, kulia! Wanageuka. Kushoto! Kulia! Wape uwanja mpana wenye sakafu laini na watakimbia huku na huko bila kuguswa bega, wengi sana, kasi sana, na wala hawatatoka jasho. Huo uwanja ni alumini. Umeme unapita mwingi, lakini haukinzwi, na usipokinzwa hautoi joto. Zaidi ya hayo, umati unaokimbia kwa raha namna hiyo unapiga kelele za kumzidi mtangazaji, hata sauti yake inamezwa: mikondo-pete ya alumini huzaa uga wake wenyewe unaoupinga ule wa jiko. Sasa chukua abiria walewale, tangazo lilelile, lakini funga uwanja wote isipokuwa ujia mmoja mwembamba unaopita ukutani, na sakafu yake uitie kokoto. Kushoto! Wanabanana. Kulia! Wanakanyagana, viwiko, mabegi, ndoo za samaki, jasho linawatiririka. Huo ujia ni chuma. Umeme haupiti kwa wepesi, na kila hatua inalipiwa kwa joto.

Na ujia huo upo kweli, unapimika. Umeme unaogeuka upesi haupendi kuingia ndani ya madini. Hukaa juujuu, kwenye ngozi yake. Katika alumini, kwa kasi ya 24,000, ngozi hiyo ina unene wa kama nusu milimita. Katika chuma kinachoshikwa na sumaku inasinyaa hadi kama sehemu moja ya kumi ya milimita, kwa kuwa usumaku wa chuma chenyewe unausukuma umeme uzidi kujibanza pembeni. Chuma kina ukinzani mkubwa tangu mwanzo, na sasa njia imekuwa nyembamba mara tano. Ukiviweka pamoja, ngozi ya chuma inaukinza umeme zaidi ya mara 30 kuliko ngozi ya alumini. Chai yako inachemkia humo, ndani ya utando mwembamba kuliko kucha.

Ninachokipenda zaidi ni matokeo yake ya kando. Ile karatasi ya alumini ya kufungia samaki, ambayo ni nyembamba kuliko hata huo ujia wa chuma, ikisahaulika kwenye jiko la kioo chini ya sufuria ya chuma, inaweza kupata moto mkali hadi ikayeyuka. Ni alumini ileile, lakini uwanja umekuwa uchochoro. (Usijaribu. Kioo ni ghali.) Na Wajapani wameunda majiko yanayopandisha kasi ya umeme juu zaidi, ngozi ya alumini ikasinyaa, na sufuria za alumini zikapika. Laiti yangekuwa Kariakoo kwa bei ya kawaida, makala hii ingeishia hapa.

Kugoma kwenyewe si uamuzi wa hasira. Jiko hupima jinsi msokoto unavyolemewa. Sufuria ya chuma ikiwa juu, nishati inanyonywa. Ya alumini ikiwa juu, au pakiwa patupu, hainyonywi inavyotarajiwa, na jiko linajizima kulinda transista zake. Na kwa kuwa joto huzaliwa kwenye sufuria yenyewe, si kwenye jiko, miaka ya 1950 kampuni ya Frigidaire, huko Marekani, iliweza kuonyesha maji yakichemka huku pameingizwa gazeti kati ya jiko na sufuria, na gazeti lisiungue.

Mekoni mwetu hili lina maana gani? Chukua sumaku yoyote, hata ile ya mlango wa friji, uibandike kwenye kitako cha kila chombo. Alumini haishiki. Chungu hakishiki. Sufuria za stili zinazong'aa ni bahati nasibu, nyingine zinashika na nyingine hazishiki, hata kama zimetoka kabati moja. Chuma cha chapati kinashika barabara, ila kwa kuwa msokoto wa shaba una tundu katikati, chapati ya kwanza inaweza kutoka na pete ya kahawia na kitovu cheupe; kipashe chuma polepole kwanza, joto litasambaa. Karai la kitako cha mviringo linagusa kioo kwa nukta moja, lisahau. Wapo wanaouza kisahani cha chuma cha kuweka chini ya sufuria ya alumini. Kinafanya kazi, lakini umeshaligeuza jiko lako kuwa koili ya bei mbaya.

Ugali ni kesi nyingine. Kioo kinateleza, na ukiusonga kwa nguvu zinazostahili, sufuria inazunguka na mwiko, ikitoka katikati ya msokoto jiko linapiga mlio. Shikilia kwa kitambaa kizito na usiinyanyue. Tui la nazi nalo lina lake: majiko mengi ya bei nafuu hayajui moto mdogo, hupiga kwa nguvu kisha hukata, hupiga tena hukata, na tui huweza kukatika nalo. Hapo gesi ndiyo bingwa, unauona moto na kuuteremsha hadi uwe ushanga wa buluu. Mahindi ya kuchoma na bilinganya la kubabua ngozi ni mali ya moto wenyewe, hakuna kioo kitakachokupa.

Gesi ina dosari moja inayosemwa kidogo kuliko mlipuko: joto la mwali wake huunganisha naitrojeni na oksijeni za hewani kuwa naitrojeni dayoksaidi, inayochokoza mapafu, hasa ya mtoto mwenye pumu. Ukiwa nayo, dirisha liwe wazi. Kwa upande wa umeme, jiko la wati 2,000 huvuta ampea karibu 9. Lichomeke ukutani, usipitishe kwenye ekstensheni ya kuchajia simu. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asilikaribie kioo zaidi ya sentimita 60 na amuulize daktari wake.

Kwa hiyo, msomaji wangu: mtungi usiuuze, kwa sababu umeme ukikatika saa moja jioni huna ujanja mwingine. Kama vyombo vyako viwili vitatu vinashika sumaku, nunua induksheni kwa chai, wali, mboga na maji ya kuoga, na utaisahau gesi siku nyingi za wiki. Maharage na makande yapikie kwenye jiko la presha la umeme, halichagui sufuria kwa kuwa lina yake. Kama vyombo vyote ni alumini na huna mpango wa kuvibadilisha, koili itakufaa na usione haya.

Ila dukani kuwa macho, kwani jiko la infraredi nalo lina kioo cheusi na vibonye vilevile, na wauzaji wengi huyaita yote jina moja. Mwombe muuzaji aliwashe bila kuweka kitu juu. Likiiva nyekundu, hilo ni infraredi, ni koili iliyovaa kioo, na litaipokea sufuria yoyote. Likipiga mlio na kukataa, hiyo ndiyo induksheni.