Pedali ya matoazi katika dramu za kielektroniki: kwa nini huchelewa kuitika na namna ya kuirekebisha

Katika seti ya dramu, matoazi mawili yanayoendeshwa kwa mguu, ambayo wapigaji huyaita haihati, ndiyo yanayotunza mwendo wa wimbo. Ngoma nyingine husimamisha nguzo za mdundo, nayo haihati huhesabu nafasi zilizo kati ya nguzo hizo. Kwa sababu hiyo, pedali ya dramu za kielektroniki inapochelewa kuitika, anayetaabika si mpigaji peke yake. Mpiga besi hukosa pa kushika, na waimbaji huanza kukimbia au kuburuta.

Bendi au kwaya inapokumbwa na tatizo hilo, wazo la kwanza huwa ni kuchanga fedha za kununua pedali mpya. Hata hivyo, chanzo chaweza kuwa waya, vumbi au kipimo kilichopotea, mambo yanayorekebishika bila gharama kubwa. Jambo la msingi ni kuchunguza kwa utaratibu, kuanzia lililo rahisi.

Jinsi pedali inavyofanya kazi

Matoazi ya kawaida hutoa sauti kwa kugongana. Katika dramu za kielektroniki kazi hiyo imegawanywa: toazi la mpira huhisi pigo la fimbo, na pedali huijulisha moduli, yaani kisanduku kinachozalisha sauti, mguu umekandamiza kwa kiasi gani.

Vihisi vya pedali hutofautiana. Pedali ya FD-8 ya kampuni ya Roland ya Japani hutumia kipande cha mpira kinachobanwa juu ya utando unaopitisha umeme. Mguu ukikandamiza zaidi, ukinzani wa umeme hubadilika. Haihati ya VH-11 ya kampuni hiyo hiyo hufungwa juu ya stendi ya kawaida ya matoazi. Pedali nyingine hutumia mwanga au sumaku, na nyingine za bei nafuu ni swichi tu, zinazojua kufunguka na kufunga. Pedali ya swichi haiwezi kutoa sauti ya matoazi yaliyofunguka nusu, hata irekebishwe vipi.

Moduli husoma mambo mawili: mahali pedali ilipo na kasi iliyotumika kufika hapo. Pedali inaposhuka kwa kasi, husikika mlio mfupi wa matoazi kubanwa kwa mguu. Ikishushwa polepole, mlio huo hausikiki, na hiyo si hitilafu.

Hatua za uchunguzi

Kwanza ni waya. Pedali nyingi zinazosoma nafasi ya mguu huhitaji waya wa stereo, ambao plagi yake ina mistari miwili myeusi. Ukitumiwa waya wa mono, wenye mstari mmoja kama ule wa gitaa, moduli yaweza kuona pedali imefungwa au imefunguka wakati wote. Ni vyema kujaribu waya mwingine wa stereo kabla ya kufungua kitu chochote.

Pili ni namna ya kuwasha. Baadhi ya moduli hupima hali ya pedali pale zinapowashwa. Umeme ukikatika na kurudi huku mguu ukiwa juu ya pedali, moduli yaweza kuchukua hali hiyo kuwa ndiyo ya kawaida. Dawa yake ni kuondoa mguu, kuzima moduli na kuiwasha upya.

Tatu ni kipimo. Menyu ya moduli nyingi ina sehemu ya kuifundisha mashine mwanzo na mwisho wa mwendo wa pedali. Kwa haihati ya stendi kama VH-11, skrubu ya klachi hulegezwa, toazi likaachwa likalie kihisi kwa uzito wake, kipimo kikachukuliwa, kisha toazi hurudishwa juu na kukazwa. Waya wake usivutwe, kwa kuwa ukivutwa huinamisha toazi na kuharibu kipimo.

Nne ni usafi na uchakavu. Vumbi na unyevu hudhuru utando wa kihisi, na mpira hulika kadiri miaka inavyopita. Utando hufutwa taratibu kwa kitambaa laini na kikavu, vifaa vikiwa vimezimwa. Mpira uliolika waweza kubadilishwa peke yake, pasipo kununua pedali nzima.

Namba zinavyosaidia

Anayeweza kupata kompyuta anayo njia ya uhakika zaidi. Kupitia MIDI, mfumo wa ala za muziki kuwasiliana ulioanza mwaka 1983, moduli nyingi hutuma nafasi ya pedali kwa amri namba 4, kwa viwango vya kuanzia 0 hadi 127. Kwa kutumia programu inayoonyesha ujumbe wa MIDI, pedali hushushwa polepole na namba zikatazamwa.

Namba zisipobadilika kabisa, wa kushukiwa kwanza ni waya au tundu lake. Zikiruka ghafla, kwa mfano kutoka 20 hadi 90, kihisi kina uchafu au kimechakaa. Zikipanda vizuri lakini zisifike mwisho, kipimo kinahitaji kurudiwa. Na sauti zikija kinyume, matoazi yakisikika wazi wakati yamefungwa, mpangilio wa pedali haulingani na wa moduli au programu. Hali hiyo hutokea hasa pedali ya kampuni moja inapounganishwa na moduli ya nyingine.

Upo pia ucheleweshaji usiotokana na pedali. Kompyuta inayochakata sauti kwa mafungu ya sampuli 256, kwa kasi ya sampuli 48,000 kwa sekunde, huchelewesha kila fungu kwa milisekunde 5 hivi. Fungu likiwa kubwa mara nne, muda huo nao huongezeka mara nne, na mpigaji ataanza kuuhisi mguuni. Vipokea sauti vya masikioni visivyo na waya huongeza ucheleweshaji zaidi. Kwa kupiga dramu, vyenye waya vinafaa zaidi.

Endapo hatua zote hizo zimefuatwa na pedali bado haiitiki, hapo ununuzi una sababu. Kabla ya kulipa, mnunuzi ahakikishe mambo mawili: kwamba pedali hiyo imetajwa katika kijitabu cha moduli yake, na kwamba inasoma nafasi zote za mguu, si kufunguka na kufunga pekee.