Lugha ya Hojaji katika Uchunguzi wa Watoto: Kitale na Bungoma

Hojaji ni orodha ya maswali yaliyopangwa, ambayo watu wengi huulizwa kwa namna moja ili majibu yao yaweze kulinganishwa. Njia hii ina umri mkubwa katika uchunguzi wa watoto. Mwaka 1883 Mmarekani G. Stanley Hall alichapisha matokeo ya maswali waliyoulizwa watoto waliokuwa wakianza shule mjini Boston. Wengi hawakujua mzinga wa nyuki, na wapo ambao hawakumjua hata ng'ombe. Hawakuwa wapumbavu, walilelewa mjini, nayo maswali mengi yalihusu mambo ya shamba. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali aulizwalo mtoto hupima pia lugha na malezi yake, na kwamba mtafiti asiyelijua hilo huweza kumdhulumu mtoto.

1. Hali ya lugha

Kitale na Bungoma ni miji ya magharibi mwa Kenya, lakini hali zake za lugha hazilingani. Trans Nzoia, ambayo makao yake makuu ni Kitale, ilikuwa nchi ya masetla. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 walihamia huko watu wa makabila mengi, na mitaani watoto wao hucheza pamoja kwa Kiswahili. Katika vijiji vingi vya Bungoma mtoto huanza kusema Lubukusu, au Kisabaot kwa wale wa Mlima Elgon. Kwa hiyo hojaji moja ya Kiswahili humfikia mtoto wa Kitale kwa lugha ya mchezo, na mtoto wa kijijini kwa lugha ya mwalimu. Wa pili akijibu kwa maneno machache, tofauti hiyo yaweza kuwa ya lugha tu, wala si ya akili.

2. Maneno ya ukoo

Swali "Una ndugu wangapi?" laonekana jepesi. Lakini neno "ndugu" ni pana, na kwa Wabukusu mtoto wa ndugu wa baba huhesabiwa kuwa ndugu kamili. Mtoto anayejibu "kumi na wanne" hasemi uongo. Hatari zaidi ni swali "Je, baba yako yu hai?" Katika Lubukusu ndugu wa baba naye huitwa papa. Yatima anayelelewa naye huweza kujibu "ndiyo" kwa moyo safi, na ikiwa hojaji hiyo inatafuta wanaostahili msaada, jina lake litaachwa nje. Afadhali mtoto aombwe kuwataja mmoja mmoja watu waliolala nyumbani usiku uliopita, kisha aulizwe kila mmoja ni nani kwake na alizaliwa na nani.

3. Umri

Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa huenda asiujue umri wake. Hapa majina yaweza kusaidia. Wafula na Nafula ni majina ya msimu wa mvua, Simiyu na Nasimiyu ya kiangazi, Wekesa na Nekesa ya mavuno, Wanjala na Nanjala ya njaa. Hata hivyo, mtoto huweza kupewa jina la jamaa aliyekufa; hivyo jina ni dalili, si ushahidi. Mzazi aulizwe pia mtoto alizaliwa kabla au baada ya tohara ipi, kwa kuwa Wabukusu hutahiri wavulana katika miaka inayogawanyika kwa mbili, hasa mwezi wa Agosti.

4. Kimya

Mwaka 1977 Sara Harkness na Charles Super walieleza jinsi watoto wa Kipsigis wa Kokwet walivyoshindwa kumsimulia mtu mzima hadithi fupi waliyokwisha kuisikia. Watafiti hao hawakuona upungufu wa akili, bali malezi yanayomtaka mtoto asikilize na kutii kuliko kusema mbele ya wakubwa. Onyo hilo lafaa Kitale na Bungoma pia. Karatasi ya majibu iwe na nafasi tatu tofauti: "hajui", "hakujibu" na "hakuulizwa". Anayezichanganya hugeuza adabu kuwa ujinga.

Hitimisho

Hojaji isitupwe, kwa maana hakuna njia nyepesi kuliko hiyo ya kulinganisha watoto wengi. Lakini maswali yatafsiriwe na mwenyeji wa lugha, kisha mtu mwingine ayarudishe katika lugha ya kwanza bila kuiona nakala ya awali. Yajaribiwe kwa watoto wachache wa mjini na wa kijijini, na kila mmoja aombwe aeleze alivyolielewa swali. Majibu yalinganishwe na yale ya mzazi na yanayoonekana nyumbani. Swali ambalo watoto wa pande hizo mbili wamelielewa kwa maana mbili halina budi kuandikwa upya, hata kama karatasi zimekwisha kupigwa chapa.