Bustani Ndani ya Kioo: Samaki wa Maji Matamu Kitale na Bungoma

Kumfuga samaki nyumbani si jambo geni kwa mtu wa mwambao. Katika majumba ya kale ya Lamu, birika la maji lilitiwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu, na katika sakafu ya birika likapachikwa bakuli la kauri, ili maji yakitolewa samaki wapate pa kujihifadhi. Fundi yule alimfikiria samaki kabla ya kumleta. Na hilo ndilo somo la kwanza kwa anayetaka tangi la kioo lenye samaki na mimea.

Jamaa zetu wengi wako bara kwa kazi na biashara. Je, Kitale au Bungoma yawezekana? Yawezekana, ila si kwa samaki wa matumbawe wa Shimoni. Huko ni maji matamu, ambayo pia huitwa maji baridi, na Kitale jina hilo hupata maana mbili! Mji huo uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya usiku si ya mchezo. Bungoma, kwenye mita 1,400 hivi, kuna nafuu. Samaki wengi wa mapambo hutaka maji ya nyuzi 24 hadi 26. Basi Kitale hita ya tangi si anasa. Stima ikikatika, tangi lifunikwe blanketi.

Mahali pachaguliwe kabla ya tangi kununuliwa. Tangi la urefu wa sentimita 90, upana 30 na kimo 40 huchukua lita 108, yaani kilo 108 za maji peke yake, bila kioo wala mawe. Meza ya chai haifai. Pia lisikae dirishani, kwani jua kali huzaa ukungu wa kijani. Taa ya saa nane kwa siku yatosha mimea.

Chini tandaza udongo wenye rutuba, juu yake changarawe iliyooshwa mpaka maji yatoke meupe, jumla sentimita sita au saba. Maji ya bomba yaache ndooni siku nzima ili klorini ipungue. Ya mvua ni mazuri, lakini hayana madini. Yachanganye na ya bomba au kisima. Kisha panda kwa wingi tangu siku ya kwanza. Ila usiende kung'oa mimea katika kinamasi cha Saiwa, jirani na Kitale: ile ni hifadhi ya taifa tangu 1974, makazi ya nzohe.

Sasa hapa ndipo wengi huwaua samaki wao. Maji yang'aa, majani yapepea, na watoto wanadai samaki leo leo. Subiri! Kinyesi cha samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Wako bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo ni chakula cha mimea. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuenea katika chujio na changarawe. Tia chembe ya chakula cha samaki kila siku, kioze, nao wapate riziki ya kuanzia. Kisha leta samaki wachache wachache.

Ngege wa kufugwa, kama wale wa shamba la samaki la Chwele huko Bungoma, ni wa bwawani. Kiooni watakua kupita kiasi na kufukua mimea yote. Samaki wadogo kama gapi ndio wafaao.

Na ukichoka nao, usiwamwage mtoni. Mto Nzoia hupata maji yake Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, hupita nchi ya Trans Nzoia na Bungoma, ukaishia Ziwa Victoria. Mfereji wa nyuma ya nyumba yako Kitale ni mlango wa ziwa. Ziwa hilo limekwisha kuonja ugeni: mbuta aliyetiwa humo miaka ya 1950 aliangamiza aina nyingi za furu, samaki wadogo ambao majike yao hulea mayai mdomoni. Gugumaji nalo lilitoka Amerika ya Kusini, likasambazwa duniani kwa uzuri wa ua lake; katika miaka ya 1990 likaifunga Ghuba ya Winam, mashua zikashindwa kutoka. Mimea iliyozidi ianikwe juani mpaka ikauke. Samaki waliozidi apewe mfugaji mwingine.

Kiumbe uliyemfungia hawezi kujitafutia riziki wala kuyakimbia maji machafu. Ni amana. Asiyekuwa na subira ya wiki sita, na aweke maua ya chunguni.